Mzee wa Shamba la Zabibu Asiyekunywa

Shule niliishia darasa la nne, na bado ni mimi niliyekwenda Afrika Kusini kuitafutia wilaya yetu ya Ngara mvinyo. Wasomi wetu wanakwenda semina Mwanza, wanarudi na mkoba wa karatasi. Mimi nilipanda ndege kwa nguvu ya ndizi. Nilianza na baiskeli moja, natoa mikungu Kirushya, nakamua rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, nauza Murusagamba siku ya gulio. Baadaye nikafungua kilabu, halafu duka la vinywaji. Leo hata harusi za Biharamulo zinachukua mzigo kwangu.

Harusi ndizo zilizonipeleka. Watu wanataka mvinyo mwekundu mtamu, na ule wa kutoka Mwanza ulikuwa unafika siku unayotaka wenyewe. Nikatangaza mbele ya kamati tatu za harusi kwamba naufuata mwenyewe shambani, na nikirudi mikono mitupu wanicheke. Kamati zote tatu zikaahidi kunicheka.

Mke wangu anafundisha Kiingereza sekondari, kwa hiyo yeye ndiye alikuwa mdomo wangu. Sioni aibu kusema hivyo. Nauli nililipa mimi.

Kwenye mashamba matatu ya kwanza walitupa mvinyo unaokausha ulimi kama umetafuna ndizi mbichi. Wenyewe walikuwa wanakunywa pamoja nasi huku wamefumba macho. Walisema huo ndio bora kabisa.

"Waambie watuletee ule mbaya," nikamwambia mke wangu.

Hakutafsiri.

Shamba la nne lilikuwa la mwisho, maana kesho yake tulikuwa tunarudi. Lilikuwa dogo, na mwenyewe ni mzee wa kizungu mwenye kofia ya majani. Nikampa shikamoo. Hakujua kuitikia, lakini alivua kofia, nikaona imepokelewa. Alituzungusha kwenye mizabibu na mapipa, kisha akatukalisha mezani kivulini, akafungua chupa. Akamimina glasi mbili, yangu na ya mke wangu. Yeye akakaa, mikono juu ya magoti.

Nikasubiri.

Kwetu mwenyeji ndiye anayeanza. Anaonja mbele yako, anameza, ndipo anakupa. Mtu anayekumiminia halafu anakuangalia tu, huyo ana jambo lake. Nimekaa kwenye pombe miaka yote hii na sijawahi kunywa ya mtu ambaye hajaanza. Ndiyo maana niko hai na nina duka.

"Baba watoto, kunywa," mke wangu akasema taratibu.

"Mwambie aanze yeye."

"Nitamwambiaje mtu mzima hivyo?"

"Kwa Kiingereza."

Akamwambia. Mzee akajibu kwa maneno machache. Mke wangu akanigeukia.

"Anasema hanywi. Ameacha miaka mingi."

"Anatengeneza asichokunywa?"

"Anasema anaonja tu, hamezi."

Mzee akachukua glasi ya tatu, akamimina tone, akazungusha mdomoni, akatema kwenye ndoo. Akatabasamu kama mtu aliyemaliza kazi. Nikaona mambo yameharibika kabisa. Kwetu ukitema pombe ya mtu umemwita mchawi. Huyu ametema ya kwake mwenyewe!

"Aniambie mwenyewe kama ni sumu," nikasema. "Mwambie ameze, kidogo tu. Akimeza nanunua."

"Sisemi hilo."

"Unataka turudi mikono mitupu? Wale watu wananisubiri wanicheke."

"Wakucheke. Umezoea kuchekesha."

Lakini mzee alikuwa ameshaelewa. Alinitazama mimi, akaitazama glasi, akamimina tena, safari hii nusu. Nadhani na yeye alihitaji mnunuzi, maana mapipa yalikuwa mengi na gari la wageni lilikuwa letu peke yake. Akainua.

Mkono ulianza kutetemeka kabla glasi haijafika kidevuni.

Sasa hapo hakuna profesa wa kunifundisha. Mkono ule naujua. Nimeusimamia kilabuni miaka mingi. Kuna wa mtu mzee, kuna wa mtu mwenye homa, na kuna wa mtu ambaye akimeza funda moja leo hutamwona kwake mwezi mzima. Watu wa mkono huo nilikuwa nawanyima hata wakija na pesa mkononi, na wake zao mpaka leo wananisalimia vizuri.

Nikanyoosha mkono nikaichukua ile glasi mkononi mwake. Nikanywa yote mimi.

Mke wangu akanitazama. Mzee akanitazama. Nikakaa nikingoja tumbo liseme chochote. Halikusema. Mvinyo ulikuwa mtamu, mwekundu, wenye harufu ya tunda lililoiva, mvinyo wa harusi hasa.

"Vipi?" mke wangu akauliza.

"Mwambie tunachukua."

Mzee akaongea kwa muda, akijifuta shingo kwa kofia. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho, akanigeukia.

"Anasema asante. Halafu anauliza tunataka katoni ngapi."

Niliivuta chupa, nikaiweka upande wangu wa meza, mahali ambapo mkono wake haufiki. Ndipo tukaanza kuzungumza katoni.