Argoni Juu ya Chuma

Wanafunzi walimwita Kiberiti, na walimu wenzake pia, mradi awe ametoka chumbani. Alikuwa mwalimu wa kemia, mwanamke mwembamba mwenye koti jeupe lililotobolewa mfuko na asidi, na hasira aliyoitunza vizuri kama wengine wanavyotunza meno yao. Aliyakasirikia mabomba yasiyotoa maji na wanafunzi walionakiliana kazi pamoja na makosa yake. Aliowakasirikia zaidi ni wale waliosema kemia ni somo la kukariri. "Kasuku naye anakariri," aliwaambia. "Mbona hatumpi cheti?"

Kwa miaka mingi alikuwa akiomba kitu kimoja: jedwali la elementi, kubwa, kwenye ukuta wa nje wa maabara, mahali ambapo hata mtoro akipita ataliona. Wakuu wa shule waliotangulia walimwahidi, kisha wakahamishwa. Mkuu wa sasa hakuahidi kitu. Ila alikuwa na mgeni rasmi njiani, na mgeni rasmi lazima apewe kitu cha kuzindua. Basi fundi wa mabango akaitwa, wiki ile ile ambayo Kiberiti alikuwa semina.

Alirudi asubuhi ya siku ya uzinduzi, akakuta kazi inakaribia kwisha. Rangi safi, herufi zimenyooka kama zimepigwa pasi. Akatazama. Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

Jedwali hilo, kwa waliolisahau, lina pengo kubwa juu katikati. Hidrojeni iko peke yake kushoto kabisa, heli iko kulia kabisa, na kati yao hakuna kitu. Fundi alikuwa ameliziba pengo. Elementi zote za juu alizisukuma kushoto zikabanana, na nafasi iliyobaki kulia akachora uso wa mgeni rasmi, anatabasamu.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, mama," fundi alijibu kutoka juu ya ngazi. Alikuwa anamalizia nyusi. "Ile karatasi mliyonipa ilikuwa na uwazi. Mimi ukuta mtupu siuachi. Mteja akiona uwazi anajua umemwibia rangi."

"Shuka."

"Nyusi moja tu, mama..."

"Shuka, fundi!"

Akashuka. Kiberiti akaweka kidole ukutani. "Argoni anafanya nini juu ya chuma?"

"Amekaa."

"Amekaa! Argoni hana shida na mtu. Ganda lake la nje limejaa elektroni, haombi, hatoi. Chuma akinyeshewa tu kashika kutu. Hawa wamejuana wapi?"

"Mimi nilijua ni majina tu, kama ya mahudhurio."

"Ni koo! Kila safu ya kwenda chini ni ukoo mmoja. Tazama: lithiamu, sodiamu, potasiamu. Kila mmoja ana elektroni moja tu ganda la nje. Ukishuka, ganda linaongezeka, atomi inanenepa, ile elektroni inakaa mbali na kiini, inaponyoka kirahisi. Ndiyo maana sodiamu ukiitia majini inahangaika, na potasiamu inawaka kabisa. Ukienda kulia, kiini kinaongeza protoni lakini ganda ni lile lile. Kinavuta zaidi, atomi inasinyaa. Mtoto akijua nani kakaa chini ya nani, anaweza kusema tabia ya kitu ambacho hajawahi kukiona. Sasa wewe bromini umemwacha kule mwisho bila baba yake klorini wala babu yake florini. Juu yake umemweka mgeni rasmi. Kwa ukuta huu, mheshimiwa ni ndugu wa sumu."

Fundi aliutazama ukuta. "Sasa mbona hakuna aliyeniambia?"

"Hapo ndipo ninapokasirika," alisema Kiberiti. "Si kwako."

Aliyemkusudia alikuwa anakuja, tai mpya shingoni. "Mwalimu, karibu! Umeona lilivyojaa?" Mkuu alisikiliza maelezo kwa uvumilivu wa mtu anayesubiri mvua ipite. "Tutarekebisha muhula ujao."

"Darasa la mtihani linamaliza muhula huu, Mkuu. Watalitazama hili mpaka siku ya mtihani."

"Mgeni anafika mchana. Atakayeugusa ukuta huu aanze kutafuta shule nyingine."

Akaenda kuhesabu viti. Kiberiti akaenda stoo, akarudi na ndoo ya chokaa.

"Mimi sura ya mkubwa siifuti, mama," fundi alinong'ona. "Nina watoto." Lakini brashi kubwa alimpa. Kiberiti alianzia kwenye nyusi.

Mkuu aliporudi, ukuta ulikuwa mweupe, unachuruzika, na magari ya wageni yalikuwa getini.

"Umemfuta mgeni rasmi!"

"Sikuwa na ugomvi naye. Alikaa kwenye kiti cha florini."

Hapakuwa na muda wa kufokeana. Mgeni rasmi akaongozwa hadi kwenye utepe. Akaukata mbele ya ukuta mtupu, akaisifu shule kwa usafi, akasema sayansi ni muhimu sana. Watu wakapiga makofi. Mkuu alipiga kwa nguvu kuliko wote, taya zimekaza.

Gari la mgeni lilipotoka, Mkuu alimwita Kiberiti ofisini, akanyoosha mkono. "Funguo za maabara. Huna maabara tena hapa. Barua ya uhamisho naandika leo."

Kiberiti alizitupa mezani, moja ikaanguka sakafuni. Hakuiokota.

Jumatatu barua ilikuwa haijajibiwa, kwa hiyo bado alikuwa na kipindi. Alilisimamisha darasa la mtihani juani, mbele ya ukuta mweupe. Akachukua mkaa, akaandika hidrojeni kushoto kabisa. Kisha akatembea, koti linapepea, hadi pembe ya pili ya jengo, akaandika heli. Wanafunzi wakacheka.

"Kipi kinachekesha?"

"Mwalimu, huko mbali!"

"Ni mbali, ndiyo. Nani ataniambia kwa nini?"

Mikono mitatu ikanyooka. Kwenye dirisha la ofisi ya Mkuu pazia lilisogea. Kiberiti aliliona, akaukandamiza mkaa ukutani mpaka ukavunjika, akaomba mwingine.