Shoka Lililovuka Kijito

Nilipokuwa mtoto, shoka la kwetu Nyaramba lilikuwa na kazi mbili: kupasua kuni na kufukuza mvua ya mawe. Kazi ya kwanza ilikuwa ya yeyote. Ya pili ilikuwa yangu mimi Kemunto, kwa sababu Magokoro, nyanya yangu mzaa baba, alisema lazima shoka litupwe na kifungua mimba wa nyumba. Yeye mwenyewe macho yalikuwa yameingia ukungu, akawa anaiona dunia kwa masikio.

Wingu likiwa jeusi tu, hatukujali. Lakini likigeuka rangi ya majivu yaliyolowa na upepo ukakatika ghafla, Magokoro alianza kutoa amri pale kibarazani. Mama afunike kioo kwa leso. Kuku watiwe tengani, ndama aingie jikoni, migomba yenye mikungu iongezewe miti ya kuegemea. Baba yangu, ambaye sote tulimwita Tata, alipanda kuongeza mawe juu ya mabati ya jikoni. Mwisho kabisa nilitoka mbio nikatupa shoka katikati ya uwanja, makali yakitazama wingu, ili mvua ikatike na kupita pembeni.

Tata alikuwa mzee wa kanisa la Kisabato, na mambo hayo aliyaita giza la zamani. Lakini kila nilipotoka na shoka, yeye alikuwa na dirisha la kufunga upande wa nyuma. Jamani, dirisha lile lilifungwa!

Sasa, Ijumaa kwetu ilikuwa siku ya mbio. Kuni zote zilipasuliwa kabla jua halijazama, maana Sabato ikishaingia hakuna kazi. Ijumaa moja, nikiwa na miaka tisa, rafiki yangu Nyaboke alivuka kijito akihema. Mpini wa shoka lao umevunjika, kuni bado. Sisi tulikuwa tumemaliza, nikampa letu bila kumwambia mtu. "Nitalirudisha sasa hivi," akasema. Jua likazama kabla hajamaliza, na mama yake hakukubali shoka litembee siku ya Sabato. Sikuwa na wasiwasi. Nani angelitafuta Jumamosi?

Jumamosi tulipotoka kanisani, wingu lilikuwa la majivu.

"Kemunto, shoka!" Magokoro akaita.

Nilisimama stoo nimekauka. Ningesema kweli, Tata angenichapa, tena siku ya Sabato. Nikanyakua jembe, nikatoka nalo na kulitupa uwanjani kwa nguvu zote.

"Umetupa?"

"Nimetupa, Magokoro."

Akageuzia sikio uwanjani. "Haya, ingia ndani mwanangu."

Mawe yalianza kama punje za mahindi, kisha yakawa makubwa kama ndimu. Tata aliomba kwa sauti lakini mabati yalipiga kelele kiasi kwamba hatukusikia hata amina. Ilipoisha, uwanja ulikuwa mweupe. Shamba letu la chai, ambalo ndilo lililotulisha, lilikuwa vijiti vitupu. Mama akaketi mtaroni akalia, na mimi sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Kisha nikatazama ng'ambo ya kijito. Chai ya kina Nyaboke ilikuwa kijani, inang'aa, haikuguswa hata jani. Shoka letu lilikuwa kule, limelala uwanjani kwao! Nilijua ni mimi niliyeua shamba la Tata, na kwa siku mbili sikula.

Siku ya tatu Tata alitaka kukata migomba iliyoanguka. "Shoka liko wapi?"

Nikafungua mdomo. Magokoro akaniwahi. "Nilimpa mama Nyaboke Ijumaa, nikasahau kukuambia. Usinitazame hivyo, Ombati. Nimezeeka."

"Kwa hiyo siku ile halikutupwa?" akauliza mzee wa kanisa.

"Halikutupwa. Kosa ni langu."

Tata hakumsemesha mama yake mpaka chai ilipochipuka tena, na hiyo ni miezi. Mama alimwekea chakula bila neno. Magokoro alikula peke yake kibarazani, na mimi nilikaa kimya. Aibu ile bado ninayo, siwezi kuificha.

Nilimwambia nikiwa chuoni, nilipokuja likizo nikamkuta hatoki tena kitandani. "Magokoro, siku ile nilitupa jembe."

Akacheka mpaka akakohoa. "Si nilisikia! Jembe linaanguka ndu, kama gunia. Na shoka letu nililisikia tangu Ijumaa, likipasua kuni ng'ambo."

Nikamshika mkono. Nikataka kumpunguzia, na kujipunguzia mimi. Nikamwambia mvua ya mawe hupita kwenye ukanda mwembamba kama barabara, shamba hili linapigwa na la jirani linaachwa, shoka halihusiki.

"Hayo ni ya shule," akasema. "Mimi najua ni shoka. Hata siku ile nilijua."

Nimeitafuna kauli hiyo miaka mingi. Ningemwelewa haraka kama angekuwa hakuamini. Lakini aliamini kabisa kwamba mimi ndiye niliyetuangamiza, na bado akaniita mwanangu, akala peke yake kwa ajili yangu.

Siku hizi nakaa nje kidogo ya Keroka, na nina michai yangu. Simu hunionya mvua kubwa ikija. Msimu uliopita wingu liligeuka majivu, nami nikafunika kioo, nikaingiza kuku, kisha nikasikia mdomo wangu ukimwambia binti yangu wa kwanza, Moraa, atoe shoka. Mimi nilikuwa na dirisha la kufunga upande wa nyuma.

Kitu kikaanguka uwanjani. Ndu.

"Umetupa?" nikauliza.

"Nimetupa, Mama."

"Haya, ingia ndani mwanangu," nikasema, nikamfungulia mlango.