Zima Gari!

Asubuhi moja, saa mbili, gari la zahanati linamaliza mlima likihema. Nyuma, mama mjamzito anauma shuka. Kabla gari halijasimama vizuri kwenye geti la hospitali, mlinzi ameshanyoosha mkono.

"Zima gari!"

"Shemeji, nakuomba. Liache lingurume dakika chache tu."

"Ushemeji nyumbani. Hapa kazini. Zima!"

Dereva anazima, amekunja uso kama aliyelambishwa shubiri, huku mama akishushwa kwa machela.

Wenzake wamembandika jina la Subiri Kidogo, maana hakuna neno analolisema zaidi ya hilo. Mwaka wa tisa sasa anaendesha gari hili la njia mbovu. Injini yake ina tabo, kifaa kinachoisukumia hewa ili ipate nguvu. Mlimani tabo inachemka vibaya sana. Ukizima ghafla, oili inaacha kuzunguka, inaungulia humohumo.

"Iache ingurume taratibu, ipoe, ndipo uzime. Kuna ugumu gani hapo?" anasema, akipiga usukani. "Nimesema mpaka koo limekauka. Mwaka huu tabo mbili zimekufa. Mbili, jamani!"

Lawama zote kabebeshwa yeye, eti hajui kutunza gari. Mlinzi, ambaye ni mdogo wa mkewe, naye ana amri yake: kila gari lizimwe ndipo likaguliwe.

"Mimi nimeambiwa zima, sijaambiwa poza," anasema mlinzi, wala hacheki.

Dereva amewaomba wakubwa ukaguzi ufanyike injini ikiwaka. Walisema watalifanyia kazi. Mpaka leo wanalifanyia kazi! Na tabo ya tatu imeshaanza kupiga mluzi, kama zile mbili zilivyopiga kabla ya kufa. Ikifia katikati ya mlima, ambako hata simu haishiki, mgonjwa atabebwa na nani?

Sasa mke wa mlinzi anatarajia kujifungua mwezi ujao. Nyumba yao iko ng'ambo ya mlima, na gari la kumleta ni hilihili.

"Nilimwambia, shemeji, siku hiyo utakaa nyuma na mkeo, uusikilize huo mluzi mlima mzima," dereva anasimulia. "Jana kaja mwenyewe dirishani, ananiuliza kwa sauti ya chini, hivi hiyo tabo inapoa baada ya muda gani?"

Anatikisa kichwa, anashusha pumzi.

"Miaka yote hiyo! Anauliza wakati mluzi umeshaanza. Haya, kuanzia sasa atanisubiri. Mimi naomba tu itufikishe."