Niliandika "Imepita" Nikijua Imefeli

Nimekosa, tena kwa macho makavu. Jina langu niacheni nalo, ila hili nalitoa, limenikaba kifuani.

Nilikuwa mpimaji wa programu katika kiofisi kimoja hapa Wete. Tulihifadhi maandishi ya wazee ya herufi za Kiarabu, kwa programu ya kuyanakili kutoka kwenye simu zao. Kazi yangu ilikuwa kuilisha programu herufi mbovu makusudi, zile zinazogeuka visanduku na alama za kuuliza kwenye simu, nione itafanya nini.

Siku moja nikaona. Ikikutana na herufi mbovu, inakata maneno yote yanayofuata. Kimya kimya! Haisemi hata kuna kosa.

Aliyeitengeneza ni shoga yangu, nimwite Saumu. Chuoni tumesoma msahafu mmoja.

"Shoga, wakubwa wanakuja kesho," akaniambia. "Andika imepita. Wiki hii hii narekebisha."

Nikaandika. Na saini nikatia!

Baada ya mwezi tukaenda Msuka kwa mzee mmoja. Mchwa walikula daftari la nasaba ya ukoo wake, akakaa miaka akiiandika upya kwenye simu. Nikamuuliza Saumu, "Ile kasoro uliitoa?"

"Zamani! Wallahi."

Sikupima tena. Nimpime aliyeniapia? Tukanakili. Simu ya mzee ilikuwa imejaa, akaniomba nimpunguzie. Nikalifuta lile faili kwa kidole changu mwenyewe. Ya Rabbi!

Kufungua ofisini, majina matatu na kisanduku. Baada ya hapo, peupe.

Mbele ya mkuu wetu nikangoja Saumu aseme kweli. Akafungua jalada, akatoa karatasi yangu.

"Mpimaji kaandika imepita. Mie ningejuaje?"

Hata kunitazama hakunitazama! Kazi yangu ikaisha siku ile ile.

Nikarudi Msuka peke yangu kumwambia mzee. Hakunigombeza, bora angenigombeza! Akaanza kuhesabu majina kwa vidole. Akafika la sita, akasita. Akarudi mwanzo. Akasita pale pale.

"Nenda, mwanangu," akasema. "N'ache nikumbuke."

Saumu bado yupo ofisini. Tukikutana sokoni ananiita shoga, na mimi naitika, sijui kwa nini.

Wenzangu, kiapo cha rafiki si kipimo. Ukiona kitu kimeanguka, andika kimeanguka, hata kama anayekuomba mmenyonya naye ziwa moja. Siku ya kuulizwa, mkono utakaoonekana pale ni wako.