Bolivia: nilivyoheshimu kizuizi cha barabarani nikamkosa kaka yangu

Salaam wakuu.

Mimi ni yule mtu wa Koboko anayewachekesha kule jukwaa la michezo. Leo chumvi nitaweka kwenye mambo madogo tu. Makubwa yote yaliyomo humu ni kweli.

Kaka yangu Ramadhani aliingia Bolivia kupitia Brazil, akawa anauza saa na miwani mji wa Cochabamba. Mwaka jana mapafu yakamkamata. Safari, Mkongo wa Ariwara aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja, akapiga simu: njooni, anapumulia mashine.

Ukoo ukachanga tiketi. Nikachaguliwa mimi kwa sababu nilimaliza shule ya usiku pale Ediofe, kwa hiyo kwa wazee wetu najua lugha zote za dunia.

Mama akanifungia begi. Chini kabisa akaweka shuka jeupe, jipya.

"Hii ya nini, mama?"

"Ya baridi," akasema. Halafu: "Kama iko mzima, leta yeye. Kama hapana, wewe mwenyewe osha yeye, weka yeye kwa udongo."

Ndege sizielezi, magoti yangu yalikaa siku mbili karibu na masikio.

Nikashukia Santa Cruz, nikapanda basi la Cochabamba. Wakuu, basi la ghorofa, kiti kinalala kuliko kitanda changu. Nikajua asubuhi namshika kaka mkono.

Asubuhi basi likasimama. Mbele kuna mawe, magogo, matairi yanawaka, wanakijiji wamefunga barabara kugombana na serikali. Foleni ya malori ingetoka Arua ikafika Koboko ikarudi kunywa chai.

Abiria wakaanza kushuka na mizigo yao. Bibi mmoja wa kofia, jirani yangu wa kiti, akanivuta mkono: "Vamos, vamos."

Nikamtikisia kichwa. Nikamwonea huruma kabisa.

Nyinyi wa kwingine hamtanielewa. Sisi tuliokulia barabara ya Koboko tulifundishwa kizuizi cha wenye bunduki kabla ya kufundishwa kusoma. Marehemu baba alisema: usishuke mpaka uambiwe, mikono juu ya magoti, macho chini. Yeye aliwahi kuona mtu akishuka bila kuambiwa. Hakutumalizia hadithi hiyo.

Basi nikakaa. Mikono juu ya magoti. Basi zima mimi peke yangu, network hakuna, naona fahari kwamba mimi ndiye mwenye akili.

Nikakaa siku hiyo yote. Nikalala humo.

Kesho yake dereva akaja, shavu limejaa majani ya koka, akaongea kwenye simu yake itafsiri. Simu ikasema: "Rafiki, unamngoja nani?"

"Waturuhusu."

Alicheka, kisha akaacha. Akanionyesha. Watu walikuwa wanapita kando ya mawe kwa miguu, tangu jana, hakuna anayewauliza. Ng'ambo zimejaa pikipiki, zinakupeleka hadi kwenye basi la upande wa pili. Boda, wakuu. Mimi mtoto wa Koboko nimeshindwa kuona boda.

Nilifika Cochabamba jioni. Safari alikuwa ananisubiri stendi, na kwa uso wake nikajua.

"Kaka, alikufa jana asubui," akasema. "Ospitali haina nafasi ya kumuweka. Tulikungojea mpaka leo saa sita. Balimutia mu ukuta."

Sikuelewa ukuta mpaka nilipouona. Makaburi yao ni kama makabati ya saruji, moja juu ya jingine. Kaka yangu yuko safu ya nne, juu ya kichwa changu. Safari aliandika jina kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Bado ilikuwa na unyevu nilipoigusa.

Nilirudi na shuka. Mama akalikunjua, akaona mikunjo ni ileile yake.

"Siku ile yote," akasema, "wewe ulikuwa nangoja nani?"

Somo langu ni dogo: ukiwa nchi ya watu, mwenyeji akisimama na mzigo wake, simama. Woga wa kwenu uache kwenu.

Mwenye kujua utaratibu wa kumtoa mtu kwenye ukuta na kumweka ardhini, Bolivia au popote, tafadhali aandike hapa chini. Shuka mama amelirudisha kwenye begi.