Ala Isiyoumiza

Ala ya kwanza ya bastola niliyopewa kazini ilikuwa ya kitambaa kigumu na plastiki, nayo ilinila kiuno kwa miaka miwili. Nilikuwa mlinzi wa mfanyabiashara mmoja wa hapa Kigali, mtu wa makontena na maghala, aliyetaka mlinzi mwenye bastola lakini hakutaka mtu yeyote aione. "Wateja wakiona silaha watadhani nina maadui," aliniambia siku ya kwanza. Maadui alikuwa nao, la sivyo mimi alinitakia nini? Basi nikawa mtu wa mashati mapana yasiyochomekewa, mwaka mzima, hata kwenye harusi ambako wanaume wote walikuwa wamependeza isipokuwa mimi.

Aliyewahi kushinda na chuma kiunoni anajua ninachosema. Ukikaa kwenye gari, kitako cha bastola kinakuchoma mbavu. Ukiinama kufunga kiatu, shati linapanda na siri yako inabaki nje. Jasho linaingia kati ya plastiki na mwili, mwili unachubuka, unapona, unachubuka tena, mpaka pale mahali panakuwa pagumu kama kisigino. Nilikuwa nalalia ubavu mmoja tu. Bosi nilipomweleza, aliniuliza kama nimejaribu kupaka mafuta.

Nikaamua kutafuta ala ya ngozi. Mtaani Gisimenti, nyuma ya baa mbili zinazoshindana kwa kelele, palikuwa na fundi aliyekulia Bujumbura, mshona mikoba na makubazi. Nilipomweleza shida yangu aliweka sindano chini, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Wewe uko polisi?"

"Hapana. Niko mlinzi, nina kibali."

"Sawa. Lakini hiyo kitu usiniletee hapa. Niletee ya mti."

Alitaka nimchongee bastola ya mti yenye vipimo vilevile, kwa sababu yeye hakuruhusiwa kuishika ya kweli na mimi sikuruhusiwa kumwachia. Nilichonga mwenyewe, mtu mzima na ndevu zangu, kwa kisu cha jikoni.

Yule fundi alijua kazi, siwezi kumsema vibaya. Ngozi laini ya mikoba aliikataa palepale: inapendeza siku ya kwanza, alisema, lakini ukichomoa bastola mdomo wa ala unajikunja, na kuirudisha kunataka mikono miwili. Alichukua ngozi nene ya ng'ombe, akailoweka, akaibana juu ya ule mti wangu mpaka ikakauka na umbo lake. Mdomoni akashona kipande cha pili ili ubaki wazi. Sehemu ya triga akaifunika yote, kidole kisipate pa kupenya. Upande wa mwilini akaacha ulimi mrefu wa ngozi, chuma kisiguse nyama. Mkanda niliokuwa nimevaa akaucheka, akasema huo ni wa kwenda nao kanisani, akanikatia mwingine wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja. Na kwa kuwa ala ilikuwa ya kukaa ndani ya suruali, akaniagiza ninunue suruali zilizozidi saizi yangu kwa moja.

Akanihoji kama daktari. Kwa gari nakaa saa ngapi? Moto, yaani pikipiki, napanda? Mkono wangu unafika wapi haraka? Tukakubaliana iwe kulia, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga. Nikakaa, nikainama, nikainua mikono juu kama mlokole. Haikuonekana. Haikuuma popote. Nilitoka pale na furaha ya kijinga. Maswali yote yale, na hakuna kati yetu aliyeuliza watu wa nchi hii wanasalimianaje.

Mama yangu anaishi Kabuga. Bosi alikuwa na shamba upande wa mashariki, na kila Jumapili tukipita Kabuga alisimama kula brosheti, mishikaki ya huku, akinipa dakika ishirini za kumsalimia mama, nyumba ya tatu kutoka barabarani. Bastola niliingia nayo. Ilikuwa imeandikwa kwa jina langu, na kuiacha kwenye gari ni kupoteza kazi au kufungwa.

Ile ala ya zamani, pamoja na ubaya wake, haikuniacha nisahau. Kila hatua ilinikumbusha. Kabla ya kufika mlangoni kwa mama nilikuwa naisukuma mgongoni, kisha nampa ubavu wa kushoto tu, kwa haraka. Miaka miwili hakujua kitu. Jumapili ya kwanza na ala mpya niliingia mwepesi, nikinukia ngozi, nimesahau kabisa kwamba nimebeba kitu.

Kwetu mzazi hapewi mkono tu. Anakukumbatia, mikono yake inaanzia mabegani, inashuka mpaka kiunoni, inatulia hapo huku akikuuliza habari za nyumbani, na baada ya yote hayo ndipo mnashikana mikono. Mama aliniuliza habari za watoto. Mkono wake ukashuka, ukafika, ukasimama.

"Iki ni iki?" aliuliza kwa Kinyarwanda. Hiki ni nini.

"Ni cha kazi, mama."

Akaondoa mkono taratibu, akaenda kumimina chai. 

Lazima niseme hapa jambo ambalo nalijua tangu utotoni, na ndiyo maana sina pa kujificha. Mama alikimbilia Tanzania akiwa msichana mdogo. Mimi nimezaliwa huko, Karagwe, na huko ndiko alikonisimulia. Mgeni alikuja nyumbani kwao, mtu waliyemfahamu, amevaa koti. Mama alikimbia kumlaki, akamkumbatia kiunoni kama mtoto anavyokumbatia mtu mzima, na chini ya koti paji la uso wake likagonga kitu kigumu. Akanyamaza, kwa sababu mtoto haulizi mgeni amebeba nini. Kisha yule mtu akamkumbatia babu yangu. Babu hakuiona jioni ya siku ile. Maisha yake yote mama amebeba kule kunyamaza. Nami niliyasikia hayo nikiwa na miaka tisa, nikayakumbuka vizuri, halafu nikamlipa fundi anishonee kitu kigumu kisichoonekana.

Jumapili iliyofuata alinipokea mlangoni, mkono umenyooka mbele. Mkono tu, kama wa karani anayekuonyesha kiti. Nilisogea nimkumbatie, mkono wake haukukunjika. Tulisalimiana hivyo, umbali wa mkono mzima kati yangu na mtu aliyenizaa.

Nikarudi Gisimenti. Fundi akadhani uzi umekatika. Nilipomwambia, alifikiri kidogo, akasimama na kufuta mikono kwenye aproni.

"Mama yako anakushika wapi? Njoo nione."

Basi tukakumbatiana pale kibandani, wanaume wawili wazito katikati ya mikoba ya kina mama, yeye akinipapasa kutafuta mahali ambapo mikono ya mama haifiki. Watu wa baa walitupigia miluzi. Tuliweka ule mti kushoto, mkono wake wa pili ukaufikia. Tukauweka mgongoni, akaufikia. Tukauweka mbele, chini ya kitovu, tumbo lake likaugonga. Chini ya kwapa ndipo alipoanzia.

"Mwili yote ya mtu iko ya kusalimia," alisema mwishowe, akakaa. "Labda mguu."

Akanishonea ya mguuni. Bosi alipoiona aliikataa papo hapo. "Nikipigwa risasi wewe utakuwa unafunga kamba za viatu?" Nikamwomba basi Jumapili moja ya mapumziko, niende Kabuga bila kitu. Akasema baada ya mwezi huu. Mwezi ukaisha, akasema baada ya makontena haya. Alikuwa na mama yake pia, aliyeishi Batsinda, na huyo alimkumbatia atakavyo. Kitu kigumu cha kumlinda yeye kilikuwa kwangu. Nilimchukia, na sasa bado namchukia, na sioni sababu ya kuacha.

Alinipa siku hiyo baada ya miezi minne, si kwa huruma, bali kwa sababu alisafiri. Asubuhi nilirudisha bastola kwenye ghala la silaha, nikasaini. Nyumbani nikavua ala. Nikavua na mkanda, maana ulikuwa unanuka mafuta ya bastola, na sikutaka hata harufu yake ifike Kabuga. Mkanda wa kanisani nilikwishaugawa. Suruali zangu zote zilikuwa zile za saizi moja juu.

Nilitambua kosa langu niliposhuka kwenye basi. Suruali ilikuwa inateremka. Nikaishika kiunoni kwa mkono wa kulia, nikatembea hivyo mpaka kwa mama, nikicheka peke yangu, kwa sababu leo nilikuwa na kitu cha kumchekesha.

Alikuwa uani anachambua maharage. "Mama, leo sina kazi," nilimwambia kabla hata ya salamu. "Nimeirudisha. Sina kitu." Akanitazama muda mrefu, akaweka ungo chini, akaja. Alinikumbatia. Miezi minne! Alinukia sabuni na moshi, mikono yake ikawa mabegani mwangu, akaniuliza watoto wameamkaje. Kisha mkono ukashuka, upande wa kulia, ukafika palepale na kukuta ngumi yangu imekaza chini ya shati.

Aliruka nyuma kama aliyeguswa na moto.

"Ni mkono wangu, mama. Ni suruali tu." Nikautoa nimwonyeshe, vidole wazi, na suruali ikashuka mpaka mapajani. Jirani akacheka juu ya ukuta. Mama hakucheka. Alikuwa amerudi hatua mbili, na macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwa mtu mwingine mwenye koti.

Baadaye akanyoosha mkono. Nikaihamishia suruali kushoto, nikampa wa kulia.

Kazi ile niliiacha mwezi huohuo. Sasa naendesha lori, navaa suruali za saizi yangu, nachomekea shati vizuri ili kila kitu kionekane. Kila nikifika Kabuga nasimama uani kidogo, mikono mbali na mwili, nimpe nafasi ya kuniangalia. Ananiangalia. Kisha ananipa mkono.