Kipepeo wa Fundi Mkuu

Siku yangu ya kwanza kazini, Kitale, Fundi Mkuu alinipa kipande cha plastiki angavu chenye punje ya mahindi ndani, akaniambia nihesabu viputo. Karakana yetu ilitengeneza vifaa vya kufundishia kilimo: mbegu na wadudu waharibifu waliogandishwa ndani ya rezini. Rezini huanza ikiwa nzito kama asali. Ukiichanganya na kigandishi huwa ngumu, lakini kule kukoroga huingiza hewa. Nilifika arobaini nikachoka.

"Umechoka mapema," akasema. "Mtungi wa presha utakufundisha kungoja."

Mtungi huo ulikuwa wa chuma kinene, wa kupulizia magari rangi. Tuliweka ndani kalibu iliyomiminwa rezini, tukakaza mfuniko na kujaza hewa kwa kompresa. Presha hubana viputo mpaka visionekane, na rezini hugandia humo humo. Ukiitoa presha kabla rezini haijakauka, viputo huvimba tena.

Miaka ya themanini ikielekea kwisha, nilihamishiwa Bungoma. Ofisi ilikuwa finyu, kwa hiyo nikauweka mtungi nyumbani, kwenye stoo kando ya jikoni. Kwanza niliujaribu kwa maji, maana mtungi ukipasuka na maji, yatamwagika tu. Ukipasuka na hewa, unaua. Nikaangalia saa ya presha na vali ya usalama. Mke wangu, Mama Nekesa, aliuzunguka akauliza kama utaivisha maharagwe upesi.

Fundi Mkuu alipokaribia kustaafu, aliniletea kipepeo wa buluu aliyemshika kwenye miteremko ya Elgon alipokuwa mwanagenzi. Hakuwa na mwingine. Alitaka nimgandishe ndani ya rezini, akae naye mezani uzeeni.

Nilimimina rezini Jumapili asubuhi kabla ya kanisa. Ilipaswa kukaa mtungini hadi Jumatatu. Mchana nikarudi na shemeji yangu Wafula. Nilikuwa nimemsifia huyo kipepeo njia nzima kutoka kanisani.

"Si ufungue tuone, bana," akasema. "Ama ni hadithi tu?"

Nikafungulia hewa, saa ikashuka hadi sifuri, nikafungua. Mbele ya macho yetu viputo vikavimba, kipepeo akafunikwa kama aliyezama kwenye soda. Mama Nekesa alisema maharagwe yangeharibika polepole zaidi.

Nilimpelekea Fundi Mkuu kipande hicho nikamwambia mabawa yalikuwa na unyevu. Akakiinua dirishani, akakitazama kwa muda mrefu.

"Unyevu hutoa viputo kwenye mabawa. Hivi vimejaa kila mahali, tena vimevimba. Mgeni alikuwa nani?"

"Shemeji," nikasema.

Alicheka mpaka akaketi. Kisha akanirudishia. "Kipepeo nimekusamehe, kijana. Huo uongo kaa nao wewe."

Nimestaafu sasa, na kipande hicho kiko mezani kwangu. Fundi yeyote akija kutaka kujua namna ya kuweka mtungi nyumbani, kwanza humpa kipande hicho ahesabu viputo. Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa ufundi aliniuliza mbona mtungi ulifunguliwa mapema.

"Shemeji yangu alikuwa ameketi hapo ulipokaa," nikamwambia. "Alinisumbua sana."

Akacheka, akaendelea kuhesabu. Nikamgusa bega.

"Hapana, mwalimu. Wafula aliomba tu. Mkono uliofungua ulikuwa wangu."